Mchezo wa spindo kwenye mashine ya kukereza

Spindo ni mhimili ulio ndani ya kichwa cha mashine ya kukereza, ule unaozungusha chaki, yaani kibanio kilichoshika kazi (kipande kinachokerezwa). Mchezo wa spindo ni nafasi inayouwezesha mhimili huo kusogea ndani ya beringi zake hata kama hauzunguki. Beringi za mashine kuukuu zikilika, nafasi hiyo hupanuka. Hapo uso wa chuma hutoka na mawimbi, kisu hulia, na kile chembamba cha kukatia vipande hujichimbia ndani na kuvunjika.

Sababu ni kwamba uzito wa chaki huivuta spindo chini, lakini kisu kikianza kula chuma huisukuma kazi juu. Penye nafasi kubwa, spindo hurukaruka kati ya nguvu hizo mbili.

Wengi huchanganya mchezo na kuyumba. Kuyumba ni spindo kwenda upande inapozunguka, nako hupimwa kwa kuizungusha polepole kwa mkono. Mchezo hupimwa ikiwa imetulia. Legeza mkanda, funga daili geji (kipimo cha sindano cha miondoko midogo) kwenye kichwa cha mashine, ncha yake iguse mgongo wa spindo yenyewe karibu kabisa na beringi ya mbele. Usiiegemeze kwenye chaki. Pitisha fimbo nene ya chuma kwenye tundu la spindo, inua kwa nguvu, kisha achia. Umbali sindano inaotembea ndio mchezo. Kwa mashine ndogo yenye bushi, yaani beringi iliyo kama bomba fupi lisilo na rola, milimita 0.02 hadi 0.03 ni hali njema; ikifika 0.1, fungua.

Nafasi hiyo, hata hivyo, haitakiwi kwisha. Spindo ya bushi huelea juu ya utando mwembamba wa mafuta. Ukiikaza hadi sufuri, mafuta hukosa pa kukaa, chuma hupata moto, huvimba na kukwama. Beringi za rola za koni ni kinyume chake: hizo hukazwa hadi nafasi iishe, kisha huongezwa mkazo kidogo. Rola au njia zake zikiwa na vishimo, usihangaike kukaza, badilisha beringi nzima.

Bushi nyingi za zamani zimepasuliwa na kuwekewa shimu, yaani vipande vyembamba vya kujazia mpasuko. Kishawishi ni kuchomoa shimu mara moja, lakini kwanza toa spindo, pima shingo yake (sehemu inayozunguka ndani ya bushi) kwa maikromita sehemu kadhaa. Ikiwa ni duara na laini, punguza shimu nyembamba moja moja, ukipima kila mara. Kama zipo pande mbili, punguza sawasawa.

Tatizo ni kwamba bushi huliwa upande mmoja zaidi. Tundu likiwa yai, shimu hubana mahali pamoja huku pengine pakibaki wazi. Hapo paka shingo rangi ya buluu, izungushe ndani ya bushi, kisha kwangua palipoachwa alama tu, tena na tena, hadi alama zienee. Ni kazi ndefu, na kwa maoni yangu haina njia ya mkato. Shingo ikiwa na michirizi, isagwe kwanza, ndipo bushi mpya itengenezwe kwa kipimo chake. Vinginevyo bushi hiyo italiwa haraka.

Ukishafunga, tia mafuta mepesi ya spindo, endesha taratibu, uwe unagusa kichwa cha mashine. Joto la wastani si neno. Mkono ukishindwa kutulia hapo, zima, rudisha shimu moja nyembamba, upime upya.