Mjamzito, usiondoke kliniki kabla presha haijapimwa tena

Malalamiko yanayoletwa kwenye kitengo chetu cha afya ya uzazi yanafanana: mjamzito amekwenda kliniki akiwa mzima kabisa, presha imesoma juu, ameambiwa asubiri, na saa kadhaa baadaye bado hajaruhusiwa. Wengine huondoka. Uchovu huo tunauelewa, lakini kuondoka huko kunatutia hofu.

Presha ya ujauzito haijulikani kwa kujisikia. Tumelisema hili mara nyingi, na bado tunajibiwa, "Sina kizunguzungu, kwa hiyo sina presha." Mishipa inaweza kubana, figo zikaanza kuvujisha protini, na kondo la nyuma likapungukiwa damu ya kumlisha mtoto, huku mama akiendelea na kazi zake.

Utaratibu ni huu. Mama hukaa ametulia kwa dakika tano, kibofu kitupu, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga chini, mkono usawa wa moyo. Ikisoma 140/90 au zaidi, na inatosha namba moja kati ya hizo mbili kufika hapo, hurudiwa baada ya saa nne au zaidi, kwa kuwa hata haraka ya njiani huweza kuipandisha. Ikifika 160/110 hatungoji saa nne: hurudiwa ndani ya dakika 15, na ikibaki hapo dawa huanza. Mkojo nao hupimwa protini.

Presha inayopanda baada ya wiki 20, ikiambatana na protini kwenye mkojo au dalili kwamba ini, figo au damu vimeathirika, ndiyo inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Kifafa hiki si pepo, na mama hahitaji kuwa na historia ya kifafa ili kimpate. Degedege huzuiwa kwa sindano ya magnesiamu salfeti, lakini ugonjwa wenyewe huanza kuisha mtoto na kondo vikishatoka. Ndiyo maana daktari wakati mwingine hushauri mama azalishwe kabla ya tarehe.

Kiungulia, mgongo kuuma na miguu kuvimba jioni huwapata wengi, mara nyingi bila hatari. Uso na mikono kuvimba ghafla ni jambo jingine. Kadhalika kichwa kisichotulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu makali kwenye chembe cha moyo au chini ya mbavu za kulia. Kwa hayo, na kwa kutokwa damu au mtoto kupunguza kucheza, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Aliyekuwa akitumia dawa za presha kabla ya mimba amwambie mhudumu mapema. Enalapril na losartan humdhuru mtoto tumboni, na zipo dawa mbadala. Usizikatize mwenyewe, na tafadhali usiazime vidonge vya mtu mwingine. Walio katika hatari zaidi, kama aliyewahi kupata tatizo hili, mwenye kisukari au ugonjwa wa figo, huweza kuandikiwa aspirini ya dozi ndogo kuanzia wiki ya 12. Daktari ndiye huamua.

Kujifungua hakumalizi ufuatiliaji. Degedege huweza kutokea hata baada ya mtoto kuzaliwa, hasa siku za mwanzo, na presha huweza kupanda tena mama akiwa amesharudi nyumbani. Arudi apimwe kwa tarehe alizopewa hadi wiki sita zitimie, na kadi ya kliniki aje nayo.