Ile karatasi ya kung'aa peke yake haizuii joto la paa, jamani

Kila anayekarabati nyumba akinipigia simu swali ni lile lile, "fundi, nikiweka tu ile karatasi ya kung'aa chini ya bati si inatosha?" Haitoshi. Nimeshasema mpaka nimechoka, ngoja niandike niwe natuma tu.

Ile karatasi inajua kazi moja, kurudisha joto la mnururisho, yaani lile linalosafiri hewani kama la jua, na ili iifanye lazima upande unaong'aa utazamane na hewa tupu, walau sentimita 2 na nusu hivi. Sasa nyie mnaibana katikati ya bati na mbao, imegusa juu imegusa chini, hapo imebaki aluminiamu tu na aluminiamu ndiyo ile ya sufuria, joto linapita kama hakuna kitu. Alafu muuzaji anakwambia eti ni sawa na sentimita 20 za sufi, ile ya kioo au ya mwamba ya kuzuia joto, na wewe unaitikia! Kama una nafasi ya hewa upande mmoja tu, elekeza mng'ao chini, maana ukiuelekeza juu vumbi linatua na kazi inakufa kidogo kidogo.

Na kuna hili wengi hawalijui kabisa, karatasi hiyo haipitishi mvuke. Kwenye baridi ukiiweka juu ya sufi, mvuke wa jikoni na bafuni unapanda, unakutana nayo ikiwa ya baridi, unageuka maji yanadondokea sufi na makombamoyo, zile mbao za mteremko zinazobeba paa. Nimefungua paa mbao zimeoza na mwenye nyumba kabadilisha mabati mara mbili akidhani linavuja, kumbe maji yanatoka ndani kwake mwenyewe. Kizuia mvuke kinakaa upande wa joto, yaani chini ya sufi. Mimi siikatai karatasi, naitumia, ila kama msaidizi.

Mengine haraka haraka. Sufi kuishindilia ndio izuie zaidi, hapana, kinachozuia ni hewa iliyonaswa mle ndani, ukisukumiza ya sentimita 20 kwenye nafasi ya 10 unapata zuio la 10 na ushee na hela umelipa ya 20. Kujaza katikati ya makombamoyo tu nako hakutoshi, mbao inapitisha joto kama mara tatu ya sufi, kwa hiyo pitisha safu nyingine chini yake. Bodi za povu ngumu za poliuretani, sawa, kwa unene ule ule zinaishinda sufi karibu mara moja na nusu, lakini zikikatwa ovyo zikaacha mianya umetupa pesa, na kelele za mvua sufi inazituliza vizuri zaidi.

Na kabla hujanunua chochote, huko juu kuna mtu atalala? Kama hakuna achana na mteremko wa paa, tandaza sufi juu ya dari, eneo ni dogo na kazi ni ya siku moja, ila usizibe njia ya hewa kwenye kingo za paa.