Karanga za bibi na ubongo uliogoma kutulia

Kijana ninayetaka kumsimulia alikuwa utingo wa lori la mizigo. Ameniruhusu, na nimebadilisha mambo yake kadhaa asitambulike. Lori lao lilipinduka usiku barabara ya Morogoro, upande wa Kibaigwa, dereva akafariki palepale. Yeye alitoka na mkono uliovunjika, na mkono ukapona. Miezi mitano baadaye bibi yake akamleta kliniki ninakofanya kazi hapa Dodoma. Hapati usingizi. Lori likishusha upepo wa breki, ile pshhh, anajikuta chini ya meza ya mama ntilie na hajui amefikaje pale.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilimwomba bibi akae nje, nikafunga mlango, nikamwambia kijana anieleze ajali mwanzo mpaka mwisho. Alipofika kwenye taa zilizokuwa zinakuja mbele yao alinyamaza, jasho likamtoka, akanyanyuka na kutoka. Nilimkuta kwenye benchi la mbao. Bibi amemweka ubavuni, anamenya karanga na kumwekea kiganjani, mojamoja. Ananiona nimesimama mlangoni, hata hanyanyui macho. "Tafuna kwanza, mjukuu wangu," anamwambia, "dokta atasubiri."

Nilisubiri. Baada ya kama robo saa mabega ya yule kijana yalikuwa yameshuka, akaanza kuongea bila kuulizwa. Hakuongea ajali. Aliongea jinsi marehemu dereva alivyokuwa akiimba kwaya usiku kucha ili asisinzie.

Kilichotokea pale kwenye benchi kina maelezo. Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kifundo kidogo kinachoitwa amigdala. Jina ni la Kigiriki, maana yake lozi, kwa sababu ya umbo lake; kwa sisi wa Dodoma ningesema karanga. Kazi yake ni kunusa hatari, na inafanya haraka kuliko unavyoweza kufikiri. Jirani yake ni hipokampasi, inayosaidia kuliweka tukio mahali pake na wakati wake: ilikuwa usiku, ilikuwa barabarani, na imeshapita. Hofu ikizidi kiasi, amigdala inaandika kwa wino mzito huku hipokampasi ikilegea. Matokeo yake ni kumbukumbu isiyo na tarehe. Breki ikilia sokoni saa nne asubuhi, kwa ubongo wa huyu kijana ni usiku uleule. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo mzee wa kusema "tulieni, ni breki tu", lakini wakati huo sauti yake haisikiki. Ndiyo maana "jikaze, wewe ni mwanaume" haifanyi kazi. Unamwagiza mzee ambaye hayupo kikaoni.

Sasa bibi aliingilia wapi? Mwaka 2006 James Coan na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti ninaoupenda sana kwa urahisi wake. Waliwalaza wanawake 16 walioolewa ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, wakawaambia wanaweza kupigwa shoti ya umeme kifundoni mwa mguu. Mara nyingine mwanamke alikuwa peke yake, mara nyingine ameshikwa mkono na mtu asiyemjua, mara nyingine na mumewe. Sehemu za ubongo zinazohusika na hatari zilitulia kiasi kwa mkono wa mgeni, na zikatulia zaidi kwa mkono wa mume. Na kadiri ndoa ilivyokuwa nzuri ndivyo utulivu ulivyoongezeka. (Wanandoa wanaokuja kwangu huwa hawaipendi sentensi hiyo.) Ni watu 16 tu, tusijenge nyumba nzima juu yake, ila inalingana na ninachokiona kila wiki: ubongo unapopima hatari unahesabu pia nani yuko karibu.

Kuna njia ya mwilini pia. Neva ya vagasi inashuka kutoka shina la ubongo hadi moyoni, mapafuni na tumboni, na sehemu kubwa ya nyuzi zake, takribani asilimia 80, hupeleka habari kutoka mwilini kwenda ubongoni. Ukitoa pumzi taratibu, mapigo ya moyo yanapungua kasi. Kumenya, kutafuna, kumeza, kukaa ubavu kwa ubavu na mtu anayehema polepole: bibi hakumwambia kijana "vuta pumzi, toa pumzi" kama ninavyosema mimi, alimpa tu mwendo wa kufuata.

Mtandaoni mtaambiwa siri yote ni oksitosini, "homoni ya upendo". Msinunue habari hiyo jumla jumla. Ipo, na inahusika katika uchungu wa uzazi, kunyonyesha na ukaribu, lakini majaribio ya kuwapulizia watu puani yametoa majibu yanayogongana, na kuna tafiti zilizoonyesha inaweza kumfanya mtu apendelee wa kwao zaidi.

Kinachoniuma zaidi ni kalenda yetu. Tuna matanga, na matanga ni kitu kikubwa: watu wanafika, hakuna anayekudai maelezo, wanakaa mkekani, wengine wanasonga ugali, wengine wanaimba, na usiku unasikia miili mingine imelala karibu nawe. Halafu siku ya tatu tanga linaanuliwa. Ila sisi wataalamu tunapotambua maradhi yatokanayo na kiwewe, yaani mshtuko unaobaki baada ya tukio la kutisha, vigezo vinataka dalili ziwe zimedumu zaidi ya mwezi mmoja. Yaani watu wanaondoka kabla ugonjwa haujaanza hata kuhesabiwa. Na huyu kijana hata matanga hakupata. Matanga yalikuwa ya dereva. Yeye aliambiwa "mshukuru Mungu umepona", basi.

Sisemi karanga zinatosha. Kumwingiza mtu tena kidogo kidogo kwenye anachokiogopa, kwa mpango, ni tiba yenye ushahidi mzuri. Haifuti kumbukumbu ya zamani. Inajenga nyingine juu yake, inayosema hapa pana usalama. Lakini tiba hiyo inahitaji mtu atakayebaki. Wazimbabwe wameliona hilo kwa njia yao. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianzisha Benchi la Urafiki jijini Harare mwaka 2006, mabibi waliofundishwa wakakaa na wenye "kufungisisa", kuwaza kupita kiasi kwa Kishona, sawa na sisi tunavyosema "nina mawazo". Jaribio lililochapishwa 2016, lenye watu 573 katika kliniki 24, lilionyesha nafuu kubwa. Lililenga sonona na wasiwasi, si kiwewe hasa, ila kila nikilisoma naliona benchi letu.

Siku hizi bibi anaingia ndani. Nimemwekea kiti upande wa kushoto wa mjukuu wake, na maganda anayatia kwenye kikapu changu cha karatasi. Tumeshafika kwenye kusikiliza breki zilizorekodiwa kwenye simu, sauti ikiwa chini, kijana akiwa ameshika mkono wa bibi. Alhamisi tunakwenda kukaa ndani ya lori lililoegeshwa, injini imezimwa. Bibi ameshauliza ngazi ya kupandia ina urefu gani.