Gari linalojiendesha lahitaji saa kabla ya macho

Nikimwambia mtu kwamba kazi yangu ni vihisi vya magari yanayojiendesha, yaani vifaa ambavyo gari huvitumia kuona mazingira yake, swali la kwanza huwa lilelile: chipu yake ina nguvu kiasi gani? Tumezoea kuuliza hivyo tunaponunua simu. Mimi humuuliza kama anajua saa ngapi zimo ndani ya gari hilo na kama zinakubaliana, naye hudhani namfanyia mzaha.

Siku moja ya majaribio gari letu lilikuwa linakwenda kilomita 90 kwa saa kwenye njia tupu. Kwenye skrini, kila nguzo iliyokuwa mbele ilionekana mara mbili: moja ya kamera, nyingine ya lida (kihisi kinachopima umbali kwa leza), zikiwa zimeachana kama mita moja. Tulipima upya mkao wa kamera, tukakaza skrubu, tukailaumu programu. Siku ya tatu mwenzetu mmoja akapekua mihuri ya wakati, ile alama inayobandikwa kwenye kila picha kusema ilipigwa lini. Kamera ilikuwa imechelewa milisekunde 40. Kwa mwendo ule gari hukata mita 25 kila sekunde, kwa hiyo milisekunde 40 ni mita moja kamili. Vihisi vyote viwili vilikuwa vizima kabisa.

Lida yenyewe, ukiitazama vizuri, ni saa iliyofungwa leza. Inarusha mpwito wa mwanga, inasubiri mwangwi, inapima muda uliopita. Mwanga husafiri takriban sentimita 30 kwa nanosekunde (sekunde moja ikigawanywa mara bilioni), na kwa kuwa unakwenda na kurudi, kukosea nanosekunde moja ni kukosea sentimita 15. Kitu kilicho mita 200 mbele hurudisha mwanga baada ya mikrosekunde 1.3 hivi. Ajabu ni kwamba kipimo makini namna hiyo huweza kuharibiwa na jambo la polepole zaidi, yaani mwendo wa gari lenyewe. Lida inayozunguka mara 10 kwa sekunde hutumia milisekunde 100 kumaliza mzunguko, na katika muda huo gari letu lilikuwa limesogea mita mbili na nusu. Mwanzo wa duara na mwisho wake vimeonwa kutoka sehemu mbili tofauti, kwa hiyo kila nukta lazima irudishwe mahali pake kwa hesabu.

Lida nyingi hutumia mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 905, kwa sababu vipokezi vya silikoni, ambavyo ni vya bei nafuu, vinauona. Nyingine hutumia nanomita 1550. Mwanga huo hufyonzwa na majimaji ya jicho kabla ya kufika kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaonasa picha, hivyo unaruhusiwa kurushwa kwa nguvu zaidi na kufika mbali, ila unadai vipokezi vya madini ya bei ghali. Kuhusu bei, lida ya kampuni ya Velodyne yenye leza 64, iliyotamba mwaka 2007 kwenye mashindano ya magari yanayojiendesha ya DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, iliuzwa kwa takriban dola 75,000. Gari la kuibebea lilikuwa rahisi kuliko jicho lake!

Rada haina makuu. Ile ya magari hufanya kazi kwenye masafa ya gigahezi 76 hadi 81, mawimbi yake ni ya milimita nne hivi, na ukungu hauisumbui sana. Inakupa kasi ya kitu moja kwa moja, bila kusubiri kukiona mara ya pili. Udhaifu wake ni kutofautisha vitu vilivyokaribiana, na kujua kama chuma kilichosimama mbele ni gari lililoharibika au ni daraja la juu.

Mwaka 2021 Tesla ilianza kuondoa rada kwenye magari yake ya Amerika Kaskazini, ikategemea kamera. Waymo nayo, kampuni ya teksi zinazojiendesha, ilipotangaza mfumo wake wa kizazi cha sita mwaka 2024, ilipunguza kamera kutoka 29 hadi 13 lakini ikabaki na lida 4 na rada 6. Wanaotetea kamera peke yake husema vihisi vingi huleta ubishi: rada inasema hivi, kamera inasema vile, umwamini nani? Hoja ina uzito. Ila mabishano mengi niliyowahi kuyaamua mimi yalikuwa ya saa, na saa hurekebishika.

Sasa nirudi kwenye chipu, maana najua hamjaridhika. Kamera moja ya megapikseli 8, picha 30 kwa sekunde, biti 12 kwa kila nukta, hutema karibu gigabiti 3 kila sekunde. Zidisha kwa kamera kumi. Orin, chipu ya kampuni ya Nvidia, hutangazwa kuwa na uwezo wa hesabu trilioni 254 kwa sekunde, lakini idadi hiyo hufikiwa tu pale vizidishio, yaani sehemu za chipu zinazozidisha namba, vinapolishwa data bila kukatika. Mara nyingi vinakaa njaa vikisubiri kumbukumbu ya nje. Ndiyo maana chipu ya Tesla ya mwaka 2019 iliwekewa megabaiti 32 za kumbukumbu ndani ya kila moja ya injini zake mbili za mitandao ya neva, ile programu inayojifunza kutambua vitu kwenye picha: data ikae jikoni, isifuatwe ghalani.

Sehemu ninayoipenda zaidi haitangazwi sana. Kwenye chipu za usalama, viini viwili, yaani sehemu mbili za chipu zinazopiga hesabu, hufanya hesabu ileile, kisha majibu hulinganishwa. Yakitofautiana, gari hujua kuna hitilafu. Kimoja hucheleweshwa kwa makusudi mapigo machache ya saa ya chipu, ili mtikisiko mmoja wa umeme usivikute vyote kwenye hatua moja vikakosea sawasawa.

Turudi kwenye nguzo zile mbili mbili: kosa letu lilikuwa kupiga muhuri wa wakati pale picha inapofika kwenye kompyuta. Tukauhamishia kwenye kamera yenyewe, upigwe mwanga unapoingia, na saa zote zikafuata saa kuu moja kupitia waya wa Etheneti. Nguzo zikawa moja moja. Kisha tukagundua kwamba kwenye kamera za ubavuni nguzo zimeinama, kwa sababu kamera husoma picha mstari baada ya mstari, na mstari wa chini husomwa gari likiwa limeshasogea. Tukaanza kupiga muhuri kila mstari.