Je, wajua bomba la majitaka la nyumbani linaweza kubadilishwa bila kufukua uwanja mzima?

Choo kikirudisha maji, fungua chemba kabla ya kumwita mchimbaji. Ile ya karibu na nyumba ikiwa imejaa na inayofuata ni kavu, tatizo liko katikati yake. Bomba likishazibuliwa, mulika tochi kwenye chemba moja, mwenzako ashike kioo kwenye ya pili. Akiona duara kamili la mwanga, bomba limenyooka. Akiona mwezi mchanga, limebonyea.

Bomba lililonyooka lenye nyufa au mizizi ya miti halihitaji kuchimbuliwa. Huingizwa soksi ya kitambaa iliyoloweshwa gundi ya epoksi, ikajazwa hewa au maji hadi ishikane na ukuta wa bomba, kisha ikaachwa igande. Mara nyingi hutumika maji moto au mvuke kuharakisha. Mwingereza Eric Wood ndiye aliyebuni njia hii, London, 1971. Bomba likiwa limesagika, soksi haipiti. Hapo huchimbwa mashimo mawili tu, moja kila mwisho, na koni ya chuma huvutwa kwa winchi ikipasua bomba bovu huku ikiburuta jipya nyuma yake. Ni hatari panapopita bomba la maji safi jirani, kwa kuwa vipande husukumwa pembeni.

Lakini njia zote mbili hufuata mkondo wa zamani. Palipobonyea patabaki pamebonyea, uchafu utatuama palepale, nawe umeshalipa. Hapo chimba tu.

Kwa bomba la inchi 4, shusha sentimita 2.5 kila mita: mita 12 kati ya chemba ni sentimita 30. Pima kwa mpira wa maji (bomba jembamba la kuonea usawa wa maji) na uzi, si kwa jicho. Tandika mchanga sentimita 10, usio na mawe, maana jiwe moja chini ya plastiki hugeuka ufa. Anzia upande wa chini, mdomo mpana wa kila bomba ukielekea maji yanakotoka. Kwenye kona tumia viwiko viwili vya nyuzi 45 badala ya kimoja cha 90.

Usifukie bado! Gundi ikishakauka, ziba mwisho wa chini, jaza maji, subiri nusu saa. Yakipungua, kagua kila kiungo, kwani unyevu unaovuja ndio unaoita mizizi. Yakitulia, funika bomba kwa mchanga, kisha rudisha udongo kwa tabaka ukishindilia. Panapopita gari, mwaga zege juu ya mchanga huo.