Dawa ndani ya chupa ya vitamini

Mgonjwa wangu mmoja alikuja kliniki na chupa ya vitamini mkobani. Alipoifungua nikaona ndani si vitamini, ni olanzapini, dawa yake ya skizofrenia, ugonjwa wa akili unaovuruga fikra na hisia za mtu. Alikuwa ameihamishia humo ili anaoishi nao wasilisome jina. Lakini chupa ile haikuwa na maelezo ya dozi, naye alishaanza kuchanganya: leo kimoja, kesho viwili. Nyumbani hakuna aliyewahi kumtukana wala kumtenga, maana hakuna aliyejua kuwa anaumwa. Nikamuuliza anaogopa nini. "Wakijua, daktari, hawatanisikiliza tena. Nikikasirika kidogo tu, watasema imeanza."

Tukisema unyanyapaa, wengi wetu tunamfikiria yule anayenyanyapaa: jirani anayecheka, mwajiri anayefukuza. Kwa miaka mingi watafiti nao walitazama zaidi upande huo. Waliwauliza watu wa kawaida, je, utakubali kuishi jirani na mwenye ugonjwa wa akili, utakubali aoe kwenu? Jibu la swali la namna hiyo ni lile mtu anadai atafanya. Halisemi yaliyompata mgonjwa.

Ndiyo maana nauthamini sana utafiti wa INDIGO, uliochapishwa na Graham Thornicroft na wenzake mwaka 2009 katika jarida la Lancet. Waliwahoji ana kwa ana watu 732 wenye skizofrenia, katika nchi 27. Asilimia 47 walisema wamebaguliwa katika kupata marafiki au kudumu nao. Asilimia 43 walibaguliwa na ndugu zao wenyewe. Katika kutafuta kazi, asilimia 29.

Mahojiano hayakuishia hapo. Wahojiwa waliulizwa pia ni mambo gani wameyaacha wao wenyewe, bila kuzuiwa na mtu. Asilimia 64 walikuwa wameacha kuomba kazi, mafunzo au masomo kwa kutarajia kwamba watabaguliwa. Asilimia 72 waliona ni lazima wafiche ugonjwa wao. Iweke ile 29 kando ya hii 64 uzitazame pamoja. Zaidi ya theluthi moja ya waliohojiwa walitarajia kubaguliwa kwenye kazi au mapenzi hali hawajawahi kubaguliwa humo.

Nimewasikia wenzangu wakisema basi hofu hiyo ni ya kujitungia. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwanasosholojia Bruce Link na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 1989: kila mmoja wetu hujifunza tangu utotoni jamii inamchukuliaje "kichaa", zamani kabla hajajua kama yeye au nduguye ataugua. Siku daktari anapotaja ugonjwa, mafunzo yale yote yanamgeukia aliyeyabeba. Mgonjwa wangu hakuhitaji kutukanwa. Matusi aliyajua tayari, na huenda utotoni aliwahi kuyatamka mwenyewe.

Kwenye sonona hali haiko mbali na hiyo. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa watu 1,082 katika nchi 35, na asilimia 79 walikuwa wamebaguliwa katika angalau eneo moja la maisha.

Sasa, tufanye nini? Kwa miaka mingi niliwaambia wagonjwa na ndugu zao: huu ni ugonjwa wa ubongo, kama kisukari kilivyo ugonjwa wa mwili. Niliamini maneno hayo peke yake yataondoa aibu. Bernice Pescosolido na wenzake walilinganisha maoni ya Wamarekani ya mwaka 1996 na ya 2006. Waliokubali maelezo ya kibaiolojia waliongezeka, na waliounga mkono matibabu wakaongezeka pia. Unyanyapaa haukupungua. Maelezo yale bado nayatoa, kwa sababu yanamsaidia mtu kukubali dawa, ila nimeacha kuyategemea kwa kazi yasiyoiweza.

Kinachosaidia zaidi ni watu kukutana. Patrick Corrigan na wenzake walikusanya tafiti 72 kutoka nchi 14 wakaona kwamba kwa watu wazima, kukutana na mtu aliyeugua na kuzungumza naye hubadilisha mtazamo kuliko elimu pekee. Kwa vijana wadogo elimu ndiyo iliyofanya vizuri zaidi. Tume ya Lancet ya mwaka 2022 kuhusu unyanyapaa nayo ilisisitiza kukutana huko. Ila naomba tusielewane vibaya. Kumsimamisha mgonjwa mbele ya semina asimulie alivyovua nguo barabarani sikuiti kukutana. Awe mwenzao kazini au kwenye kamati, mwenye sauti sawa na yao.

Siku hizi, kabla sijaandika dawa, nauliza maswali mawili. Dawa unaziweka wapi? Na kuna jambo gani umeacha kulifanya kwa kuhofia watu watakuchukuliaje? Swali la pili huchukua muda. Wengine huanza kwa kusema hakuna, kisha wakiwa wameshika kitasa cha mlango wanakumbuka chuo walichokatisha.

Kwa yule mwenye chupa, tulikata kipande cha karatasi tukaandika "1, usiku", bila jina la dawa, tukakibandika chini ya kitako cha chupa. Nyumbani bado hajamwambia mtu, nami simsukumi, kwa kuwa siri ni yake. Kila anapokuja tunarudia swali moja: akiamua kusema, aanze na nani? Mwezi uliopita alitaja jina kwa mara ya kwanza.