"Pesa hazijatoka": jibu la mheshimiwa hupimwa vipi

Mulika mwizi ya mtaani kwetu, ile taa kubwa ya juu ya mlingoti, haiwaki. Mlingoti umesimama pale kituo cha tuktuk, upande wa Kisauni, Mombasa, na watu wakitoka msikitini baada ya Isha hupita chini yake kwa tochi za simu. Mama anayeuza viazi karai ubavuni mwake huifunga taa yake ya kuchaji kwa kamba kwenye mlingoti huo huo. Angependa kuuza hadi saa nne, lakini saa mbili u nusu anaanza kukusanya sufuria, kwa kuogopa vijana wenye visu.

Mwaka jana mwakilishi wetu wa wadi, ambaye wazee bado humwita diwani, alikuja kwenye hitima. Dua ilipokwisha vijana walimzunguka kabla hajafika garini. "Mheshimiwa, taa vipi?" Akajibu, "Pesa hazijatoka." Wakatazamana, mmoja akapaza sauti kidogo, gari likaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na roho iliniuma. Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu za umma, huu mwaka wa 18. Jibu lile najua linavyopimwa, na majirani zangu nilikuwa sijawahi kuwafunza.

Jibu lenyewe huenda ni la kweli. Hazina Kuu huchelewesha mgao wa kaunti, pengine kwa miezi, na kaunti zote 47 huilalamikia. Lakini lina tarehe na lina karatasi. Pesa haziwezi kutolewa kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti, na ofisi hiyo huchapisha ripoti kila robo mwaka, kaunti kwa kaunti: zimeingia ngapi, zimelipia mishahara ngapi, zimekwenda kwenye maendeleo ngapi, idara gani imetumia na ipi haikugusa kitu. Ripoti iko kwenye tovuti yao na haihitaji ruhusa ya mtu. Ukiambiwa mwezi wa Machi kwamba pesa hazijatoka, fungua ripoti ya nusu mwaka inayoishia Desemba, utafute Mombasa, kisha idara inayohusika. Ukikuta idara imepokea na imetumia, basi swali lako linabadilika. Huulizi tena "taa vipi". Unauliza, "Idara ilipokea kiasi hiki kufikia Desemba, kililipia nini?" Ukikuta kweli hawakupokea, pia umejua, na lawama unaielekeza inakostahili.

Ripoti ya pili ni ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Katiba, kifungu cha 229, inamtaka atoe ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, yaani kufikia mwisho wa Desemba. Hii ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu wakaguzi hutoka ofisini wakaenda kuitazama miradi. Humo utasoma kwamba jengo fulani limelipiwa na halijaezekwa, au mkandarasi ameondoka. Utasoma pia malimbikizo ya madeni, na hapo Mombasa imekuwa miongoni mwa kaunti zenye mzigo mzito: watu wamefanya kazi, wamepeleka ankara, hawajalipwa. Deni la mwaka juzi hula bajeti ya mwaka huu, na taa yako ikakosa fungu bila mtu kuiba chochote.

Kabla ya kuandika barua, hakikisha unamwandikia mwenye kulijibu jambo lenyewe. Zahanati, chekechea, maji, taka, taa za mitaani na barabara ndogo za mtaa ni za kaunti. Polisi, shule za msingi na za upili, barabara kuu na feri ya Likoni ni za serikali ya kitaifa. Mbunge ana mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, NG-CDF, ndio unaojenga madarasa na kutoa basari. Mwakilishi wa wadi hana pesa za kujenga. Kazi yake, katika bunge la kaunti, ni kupitisha bajeti na kumchunguza gavana, kwa hiyo swali lake la haki ni hili: "Ulisimama bungeni ukasema nini juu ya fungu la taa?" Kumbukumbu za vikao huandikwa. Nimeona wawakilishi wanaovumilia matusi ya barabarani bila kutikisika wakikosa raha kabisa kwa swali hilo moja.

Turudi kwa mulika mwizi. Tulikaa barazani jioni tatu, mama wa viazi, vijana wawili wa tuktuk, mimi, na mzee mmoja aliyekuwa karani bandarini zamani. Nilifungua makadirio ya bajeti kwenye simu, kitabu cha kurasa mamia, chote kwa Kiingereza. Mzee akavaa miwani. "Mwanangu, hizi hesabu ni za nani?"

"Ni zetu, ami."

"Basi mbona hazijaandikwa kwa lugha yetu?"

Sikuwa na la kumjibu. Nililoweza ni kutafsiri mstari kwa mstari, na sheria ilitusaidia mahali pamoja. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, afisa aandike na kumpa nakala. Hulazimiki kueleza kwa nini unataka kujua. Wana siku 21 za kujibu, na habari ikigusa uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Kupeleka ombi ni bure; gharama ni ya kutoa kopi tu.

Mzee aliandika barua kwa mkono, mwandiko wa karani wa enzi zile, kwa Kiswahili. Maswali yalikuwa manne: mlingoti uligharimu kiasi gani, mkandarasi amelipwa kiasi gani, ulikabidhiwa tarehe gani, na bili ya umeme hulipwa kutoka fungu lipi. Tulipoipeleka kwenye ofisi ya kaunti, mpokezi alisema iache tu hapo mezani. Mama wa viazi akasema hapana, twataka muhuri kwenye nakala yetu. Tulisimama hapo karibu saa nzima, hadi muhuri ukapatikana. Kama huna muhuri na tarehe, siku 21 zitaanza kuhesabiwa kutoka lini? Na wakikaa kimya, utakwenda na nini mbele ya Tume ya Utekelezaji Haki (Ombudsman), ambako rufaa za namna hii husikilizwa?

Jibu lilikuja siku ya 26, baada ya sisi kuandika tena kukumbusha. Mkandarasi alikuwa amelipwa, mlingoti ukakabidhiwa. Swali la nne lilikuwa na neno moja: halijatengewa.

Hapo ndipo penye ugonjwa ninaoukuta kila mwaka. Bajeti ina vyumba viwili. Kimoja ni cha maendeleo, cha kujenga na kununua, ambacho sheria inataka kisipungue asilimia 30. Kingine ni cha matumizi ya kawaida: mishahara, dawa, mafuta, umeme. Mlingoti ulijengwa kwa pesa za chumba cha kwanza, siku ya kuuzindua kukawa na hotuba na fulana. Bili ya kila mwezi inatakiwa itoke chumba cha pili, na huko hakuna aliyeiandika. Ndivyo zahanati inavyofunguliwa bila muuguzi, na darasa la chekechea likapakwa rangi bila mwalimu. Sisi wakazi tunachangia, kwa sababu tumezoea kudai kujengewa, hatuulizi nani ataendelea kulipa.

Na hayo huulizwa kwa msimu wake. Mpango wa mwaka wa maendeleo hupelekwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, makadirio kufikia 30 Aprili, na bajeti hupitishwa kufikia 30 Juni. Ukipiga kelele Julai, kitabu kimeshafungwa. Juni 2024 vijana wa Mombasa waliingia barabarani pamoja na wenzao wa nchi nzima kuupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 26 Rais akatangaza hatautia saini, na kuna waliolipa kwa maisha yao. Siwezi kuwaambia watu wasiandamane. Kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa haki hiyo. Lakini nchi haitaingia barabarani kwa ajili ya bili ya umeme ya kituo cha tuktuk. Hiyo ni yetu kuifuata, kwa tarehe.

Wengine huniuliza kuhusu kumwondoa mbunge kabla ya uchaguzi. Haki hiyo ya kuwaondoa wabunge imo katika kifungu cha 104, lakini mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha masharti ya sheria yaliyoifanya iwe ngumu kuitumia, pengo likabaki kwenye utaratibu wenyewe, na tangu hapo njia imejaa miba. Mimi nguvu zangu siziweki huko. Nawatazama watu wa Owino Uhuru, Mikindani, walioathirika kwa sumu ya madini ya risasi (lead) kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, wakanyang'anywa na Mahakama ya Rufani 2023, Mahakama ya Juu ikawarudishia Desemba 2024. Miaka yote hiyo walikuwa na vipimo vya damu mkononi.

Mwezi wa Mei tulikwenda kwenye kikao cha maoni ya umma juu ya makadirio. Saa mbili zilikwenda kwa hotuba. Ilipofika zamu yetu mama wa viazi alisimama, akainua ile barua ya jibu, akasoma ukurasa na fungu, akasema, "Naomba iandikwe kwamba wadi yetu inataka bili ya umeme itengewe pesa hapa." Karani akainama akaandika. Yeye hakuketi. Alimngoja amalize, akamwomba amsomee alichoandika.